Lugha za ejenti: zinatumika kweli kazini au ni za tesisi tu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni developa nipo Kigoma, Java naimudu, Python ni ile ya kuombea maji. Nimekuwa nasoma kuhusu lugha za kuprogramu ejenti (programu inayojiamulia yenyewe ifanye nini kulingana na hali), AgentSpeak, Jason na wenzake, nimelipenda wazo lenyewe ila jamaa ninaofanya nao kazi wananicheka, wanasema hizo ni za tesisi, hamna mtu anazitumia. Nataka kutengeneza mfumo wa boti zinazobeba mizigo kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga, kila boti iwe na ejenti wake anayeamua abebe mzigo gani na aondoke saa ngapi. Madevelopa wanazitumiaje hizi lugha kwenye kazi halisi? Na laptop yangu ya ramu 4 itaweza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wanaokucheka wana hoja nusu. Huwezi kukuta tangazo la kazi Dar limeandikwa "tunatafuta mtu wa AgentSpeak, uzoefu miaka mitatu", hilo sahau kabisa. Ila wanachokosea ni kudhani kwamba kama lugha haitumiki kuandikia mfumo mzima basi haitumiki. Watu wanaozitumia hizi lugha wanazitumia kwa kipande kidogo tu cha mfumo, kile kipande cha kuamua, na vingine vyote, databesi, mtandao, ramani, malipo, kiolesura, vinabaki Java au lugha yoyote waliyokuwa nayo. Ukifungua projekti ya Jason iliyofanywa na mtu anayejua anachofanya utakuta faili za ejenti ni fupi fupi na folda ya Java ndo imejaa, na hiyo sio dalili kwamba kuna kitu kimeharibika, ndo inavyotakiwa iwe.

Kabla sijaenda mbali nitoe kitu kimoja njiani. Sa hivi ukisema ejenti kila mtu anawaza zile modeli za lugha zinazoitwa kwenye loopu, unaipa modeli kazi, inafikiri, inaita zana (tool), inasoma majibu, inaita tena. Wewe hujauliza hizo. Ulizouliza ni za ukoo wa zamani zaidi, Yoav Shoham wa Stanford ndo alitoa makala ya mwaka 1993 iliyolipa jina hili wazo la kuprogramu kwa ejenti, na lugha yake aliiita AGENT-0. Tofauti kubwa kwako wewe wa boti ni kwamba kwenye ukoo huu mipango unaiandika mwenyewe kabla, ejenti anachagua tu upi unafaa sasa hivi, kwahiyo boti ikikwama unaweza kufungua faili ukasoma kwanini aliamua vile. Kwa chombo kinachobeba watu na magunia juu ya ziwa mimi naona hiyo ni faida kubwa, sitaki modeli inibunie mpango mpya katikati ya maji.

Sasa kwanini zilitengenezwa. Mwanafalsafa Michael Bratman aliandika mwaka 1987 kuhusu jinsi binadamu anavyofanya mambo kwa kuwa na anachokiamini, anachokitaka, na kile alichokwisha kukikusudia, na kwamba makusudio yana kazi yake, yanakufanya usianze kufikiria upya kila dakika. Wahandisi wakalichukua lile wazo hivo hivo. Kule SRI, taasisi ya utafiti ya Marekani, kwa kina Michael Georgeff na Amy Lansky wakatengeneza mfumo unaitwa PRS, na jaribio lake maarufu lilikuwa kushughulikia hitilafu kwenye injini ndogo za kuelekezea chombo cha anga cha NASA. Hapo zingatia kitu: NASA tayari walikuwa na miongozo ya karatasi, taa fulani ikiwaka na presha ipo hivi funga valvu ile, halafu angalia tena. Hawakuwa wanatafuta akili mpya, walikuwa na taratibu zilizoandikwa na watu wanaoijua kazi, tatizo ni kwamba taratibu ni nyingi, zinaingiliana, na hali inabadilika wakati uko katikati ya utaratibu mmoja. Ukiwa na tatizo la sura hiyo, lugha ya ejenti inakufaa. Ukiwa huna, utakuwa unajitesa bure.

Na mfano uliokaribu zaidi na wa kwako ni wa Australia. Georgeff alihamia Melbourne, wakatengeneza toleo lingine la PRS linaitwa dMARS, na teknolojia ya ukoo huo ikatumika kwenye mfumo unaitwa OASIS wa kupanga ndege zinazotua uwanja wa Sydney, miaka ya 90. Kila ndege inayokuja ilikuwa na ejenti wake, halafu kulikuwa na ejenti wengine wachache wa jumla, mmoja wa kupanga foleni, mwingine wa upepo, mwingine wa kuratibu. Badilisha ndege weka boti, badilisha Sydney weka Kibirizi, umepata mchoro wa kwanza wa mfumo wako. Na mfumo ule ulikuwa unamshauri mwongoza ndege, haukuwa unaendesha ndege. Nahodha wako naye mwache aamue, ejenti apendekeze, maana yule mzee ameanza kulisoma ziwa kabla wewe hujazaliwa na akikuta programu inamlazimisha ataizima siku ya kwanza tu.

Haya, tuje kwenye kodi yenyewe maana ndo ulichouliza. AgentSpeak iliandikwa na Anand Rao mwaka 1996 kama lugha ya kwenye karatasi, halafu Rafael Bordini na Jomi Hübner wakatengeneza Jason, ambayo ndo inaifanya itembee juu ya Java na ndo nakushauri uanze nayo kwasababu Java unayo. Ejenti ana vitu vitatu vya kushika: imani, yaani anachojua kuhusu dunia, malengo, na mipango. Mpango una tukio linaloufungua, una masharti, na una mwili. Hivi:

+!peleka(Mzigo, Kijiji)
   : mafuta(L) & L >= 40 & not upepo(mkali)
   <- pakia(Mzigo);
      safiri(Kijiji);
      shusha(Mzigo);
      .send(karani, tell, umefika(Mzigo, Kijiji)).

+!peleka(Mzigo, Kijiji)
   : upepo(mkali)
   <- .wait(not upepo(mkali));
      !peleka(Mzigo, Kijiji).

-!peleka(Mzigo, Kijiji)
   <- .send(karani, tell, imeshindikana(Mzigo, Kijiji)).

Wa kwanza unasema ukitakiwa kupeleka mzigo na mafuta yanafika lita 40 na hakuna upepo mkali, pakia, safiri, shusha, mwambie karani, yaani ejenti wa mwaloni anayegawa mizigo. Wa pili unasema kama upepo ni mkali subiri utulie halafu jaribu lengo lile lile upya. Wa tatu unaanza na alama ya kutoa, huo ni wa pale lengo linaposhindikana. Sasa jiulize, mafuta yakiwa lita 15 na ziwa limetulia kinatokea nini? Mpango wa kwanza haukubali, wa pili haukubali, Jason inahesabu kwamba lengo limeshindwa na inaufungua ule wa tatu, karani anapata taarifa. Hukuandika ifu hata moja kwa ajili ya hiyo hali. Watu wa Java wakifika hapa ndo wanaanza kuelewa kwanini mtu ajisumbue, maana kwenye Java ya kawaida ungekuwa na trai-kechi ndani ya ifu ndani ya loopu na bado ungesahau hali moja.

pakia, safiri na shusha hazipo kwenye Jason, hizo unaziandika wewe kwenye klasi ya Java inayoitwa mazingira, na klasi hiyo hiyo ndo inamletea ejenti anachokiona, upepo, mafuta, yuko wapi. Ndo maana nilisema Java inajaa. Developa mwenye uzoefu anaanza na huo mpaka, anakaa anaandika orodha mbili, vitendo ejenti anavyoweza kufanya na vitu anavyoweza kuviona, na hagusi mipango mpaka hizo orodha ziwe fupi na zimetulia. Ukifanya vitendo vidogo mno, mfano washa_injini, geuza_usukani, ongeza_kasi, mipango yako itakuwa mirefu ya ovyo na ejenti atashinda anapiga hesabu za kijinga. Ukivifanya vikubwa mno, mfano fanya_kila_kitu, basi uamuzi wote umehamia Java na ejenti wako ni pambo. Kwa boti, kitendo kiwe kwenye kiwango ambacho nahodha angekisema kwa mdomo.

Sasa mitego, na hapa nitakaa kidogo kwasababu karibu kila anayetoka Java anaingia kwenye hii hii.

Wa kwanza ni wa kuchekesha. Kwenye AgentSpeak neno linaloanza na herufi kubwa ni kigezo (variable), kama kwenye lugha ya Prolog. Sasa wewe ni Mtanzania, umefundishwa majina ya mahali yanaanza na herufi kubwa, utaandika !peleka(m7, Kagunga) na lugha itaelewa kwamba Kagunga ni kigezo kitupu kinachoweza kuwa chochote, mzigo wa Kagunga unaweza kuishia Mwamgongo na hakuna eksepsheni hata moja iliyorushwa. Andika kagunga, kibirizi, mwamgongo, zote ndogo, na uwaambie wenzako.

Wa pili ni mzito zaidi. Masharti ya mpango yanaangaliwa wakati wa kuuchagua tu, basi. Ejenti ameangalia, hakuna upepo, amechagua mpango wa kwanza, amepakia, amefika katikati, upepo umeamka. Lile not upepo(mkali) halirudiwi kusomwa. Watu wengi wanasoma ule mstari wanadhani ni ulinzi wa safari nzima, sio, ni mlango wa kuingilia tu. Ukitaka ejenti aitikie katikati lazima uandike mpango mwingine unaofunguliwa na imani yenyewe ikiingia:

+upepo(mkali) : safarini(_)
   <- .suspend(peleka(_,_));
      !tafuta_hifadhi.

-upepo(mkali)
   <- .resume(peleka(_,_)).

Yaani upepo ukianza na uko safarini, simamisha lile kusudio la kupeleka bila kulifuta, tafuta pa kujificha, upepo ukiisha endelea pale ulipoishia. Kusimamisha kusudio na kulirudisha baadae bila kupoteza ulikuwa umefika wapi, hiyo ndo kazi ambayo lugha za kawaida zinakutoa jasho, na kama mfumo wako hauhitaji hiyo kitu hata mara moja basi rudi tu kwenye Java yako kwa amani. Ila kumbuka safiri inakimbia upande wa Java, kwahiyo !tafuta_hifadhi lazima iite kitendo kinachobadilisha mwelekeo kweli, kusimamisha kusudio peke yake hakusimamishi boti.

Wa tatu, imani zina mwenyewe. Kile ejenti anachokiona kupitia mazingira Jason inakisasisha yenyewe, kikiacha kuonekana kinafutwa. Lakini imani uliyoiongeza wewe ndani ya mpango, au aliyotumiwa na ejenti mwingine, inakaa mpaka mtu aifute. Basi unakuta ejenti ana bei ya jana, ana bei ya juzi na ya leo, zote tatu anaziamini kwa pamoja, na ukimuuliza anakupa ya kwanza aliyoikuta. Kuna alama ya -+ inayofuta ya zamani na kuweka mpya kwa mkupuo mmoja, izoee mapema. Kwa hali ya ziwani na mtandao unaopotea mimi naenda mbali zaidi, kila imani inayotoka nje naiwekea maelezo ya saa iliyopatikana, Jason inaruhusu kubandika maelezo kwenye imani kwa mabano ya mraba, halafu masharti ya mipango yanakataa habari iliyochacha. Boti iliyopoteza mtandao baada ya Gombe haijui kama bei ya Kibirizi imebadilika, bora ijue kwamba haijui.

Wa nne, makusudio yanapokezana. Kila mzunguko wa kufikiri ejenti anachukua hatua moja ya kusudio moja, mzunguko unaofuata anachukua la lingine. Ni raha kwasababu huandiki thredi, ila ni karaha pale mipango miwili inapogusa kitu kimoja, mfano mmoja unahesabu nafasi iliyobaki kwenye boti na mwingine unapakia. Kuna alama ya atomic unaibandika kwenye mpango ili umalizike bila kuingiliwa, na watu wakishaijua wanaibandika kila mahali mpaka ejenti anakuwa kiziwi, hasikii upepo wala ujumbe mpaka amalize. Weka kwenye vipande vifupi tu vya kuhesabu.

Na kuna tabia moja sio mtego ila ni ugonjwa, mtu anaandika mpango mmoja wa mistari 60 unaoanza asubuhi mpaka jioni. Huo ni Java iliyovaa kanzu. Vunja vunja malengo madogo, kila moja liwe na mipango miwili mitatu ya hali tofauti na ule wa kushindwa, maana ejenti anapata nafasi ya kuamua upya pale tu anapokutana na lengo dogo jipya. Mpangilio wa faili nao una maana, Jason ikikuta mipango miwili inayofaa inachukua ulio juu kwenye faili, kwahiyo hali maalum juu, ya jumla chini.

Kudibagi usitegemee breki pointi kama ulivyozoea. Jason ina dirisha la kuchungulia kichwa cha ejenti, unaona imani zake, makusudio yaliyopo, lipi limesimama na kwanini, na swali unalojiuliza linabadilika, hutafuti mstari gani umekosewa, unatafuta aliamini nini wakati anaamua. Mara nyingi utakuta uamuzi ulikuwa sahihi kabisa kwa imani aliyokuwa nayo, imani ndo ilikuwa mbovu, na mzizi uko kwenye Java ya mazingira. Kwahiyo ile Java ipime kivyake na majaribio ya kawaida kabla hujamuweka ejenti juu yake.

Nikuambie na kuhusu JADE, zana nyingine ya kutengenezea maejenti, kwasababu utaiona kila mahali. Ilianzia kwenye maabara za kampuni ya simu ya Italia, ni laibrari ya Java sio lugha, na inafuata viwango vya FIPA, shirika la viwango vya maejenti, vya jinsi maejenti wanavyotumiana ujumbe. Mifumo mingi ya viwandani na ya utafiti inayojiita ya maejenti ilijengwa kwa JADE, na humo hakuna imani wala makusudio, kuna ejenti mwenye tabia alizopewa na sanduku la barua. Watu wameipenda kwasababu inakupa kitu kinachohitajika mara nyingi zaidi kuliko kufikiri, nacho ni mazungumzo. Kuna itifaki moja, Contract Net, Reid Smith aliiandika mwaka 1980, na wewe unaijua tayari bila kuisoma: karani anatangaza kuna magunia kumi ya Kagunga nani anataka, boti zenye nafasi zinarudisha bei na muda, karani anachagua moja anaipa, zingine anaziambia asanteni. Kila siku asubuhi pale mwaloni ndo kinachofanyika kwa kelele. JADE ina klasi zilizo tayari za kuanzisha na kujibu mnada wa namna hiyo, kwenye Jason utaiandika mwenyewe kwa mipango michache na .send. Kitu cha kukumbuka kwenye mnada wowote ni muda wa mwisho, usisubiri boti zote zijibu maana moja iko nje ya mtandao na haitajibu leo, weka dakika zako, zikiisha chagua kati ya waliojibu.

Pia usifanye kila kitu kuwa ejenti, hii nasisitiza. Boti ndio. Karani wa mwaloni ndio. Mzigo hapana, mzigo hauna uamuzi wowote, ni rekodi kwenye databesi. Bei hapana. Ratiba hapana. Kuna mkusanyiko unaitwa JaCaMo unaounganisha Jason na CArtAgO na Moise, na CArtAgO ndo kwa ajili ya vitu kama hivyo, vifaa vya pamoja ambavyo maejenti wanavitumia ila havifikiri, mfano ubao wa matangazo ya mizigo. Moise ni ya vyeo na wajibu kwenye kundi, hiyo iache kwanza, boti tano hazihitaji katiba.

Lugha zingine utazisikia. GOAL ya Koen Hindriks, wakati huo akiwa Delft, wanafunzi wake waliitumia kuendesha wachezaji kwenye gemu la Unreal Tournament, ni nzuri kujifunzia lakini sioni sababu ya kuichagua kwa kazi yako. JACK ni ya kibiashara, ya kampuni moja ya Melbourne, unalipia. SARL ni changa kuliko hizo, imetoka 2014, sintaksi yake imekaa kisasa na mtu wa Java haumii kichwa, ukishindwana na Jason ijaribu. Na kama kumbe unachotaka ni kuiga tu ili ujue boti ngapi zinatosha kwa vijiji vingapi, bila kuendesha kitu chochote halisi, usiguse hata moja kati ya hizi, chukua NetLogo, Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999, ni ya bure na wikiendi moja utakuwa na boti zinatembea kwenye skrini. Nadhani ungeanza na hiyo kabla ya yote, kwasababu inawezekana ukagundua kwamba tatizo la mizigo ya Kagunga ni boti chache tu na halina uhusiano na nani anaamua.

Kuna na wale wanaolichukua wazo wakaiacha lugha, na kusema kweli ndo wengi. Wanaandika kwa Erlang au Elixir au Akka, kila boti ni mchakato mdogo wenye sanduku lake la ujumbe, ukifa unafufuliwa, halafu jedwali la masharti na mipango wanaliandika wenyewe kwa mkono. Hao sio wajinga. Wanapata uimara mkubwa wa kuhimili kuanguka na timu inayojua lugha wanaipata kirahisi. Wanachopoteza ni ule utaratibu wa kusimamisha, kurudisha na kutupa makusudio, wanaanza kuutengeneza upya taratibu mpaka siku moja wana Jason yao nusu nusu isiyo na maelezo. Kama mipango yako ni chini ya kumi na haikatizani, njia yao ni bora. Mipango ikianza kukatizana kwa upepo, mafuta, abiria mgonjwa, bei kubadilika na mtandao kukatika kwa pamoja, lugha inaanza kujilipa. Wewe kwa maelezo yako naona uko kwenye hili kundi la pili, ila kwa kipande cha boti tu. Karani naye ni ejenti, ila yeye muandike kwa Java ya kawaida.

Ejenti wa boti atakaa wapi? Usimuweke kwenye simu ya nahodha kwa sasa, chaji ikiisha ejenti amekufa. Muweke kwenye seva, simu iwe macho na mdomo wake, itume mahali ilipo na ipokee mapendekezo, hata kwa meseji za kawaida pale data inapogoma. Simu ikipotea zaidi ya muda fulani ejenti aache kupendekeza, aseme tu alipoiona boti mara ya mwisho. Hilo nalo ni mpango mmoja wa mistari minne, uandike wiki ya kwanza, usiusubirishe.

Mpangilio wa kazi ningefanya hivi: boti moja, vijiji viwili, mazingira ya uongo ya Java yanayoleta upepo na kukata mtandao hovyo hovyo bila huruma, halafu unamwangalia kwenye lile dirisha anafanya nini. Ukiridhika unaleta boti ya pili na mnada. Ukifika hapo waite wale jamaa zako waone, na umuite nahodha mmoja wa ukweli umuoneshe maamuzi yake, yeye ndo atakuambia mipango gani umeisahau, na kila atakachosema "hapo mimi ningefanya hivi" kinaingia kwenye faili karibu kama kilivyo.

Laptop ya ramu 4 inatosha kabisa, Jason ni nyepesi, kitakachokula ramu ni hiyo IDE kubwa (programu ya kuandikia kodi) na brauza yenye tabu nyingi, tumia edita ndogo na uendeshe kwenye teminali. Shusha kila kitu pamoja na maelezo yake siku bando lipo maana Gradle, zana inayojenga projekti, mara ya kwanza inavuta vifurushi vingi, na ikikatika katikati futa kashe yake uanze tena.